Honest, sincere, frank au integrity: neno gani la Kiingereza umwandikie mtu mwaminifu?

Shirika moja la huko kwenye kambi ya wakimbizi likitangaza nafasi za kazi, steshenari za Mwanga hapa Kigoma hujaa kuanzia asubuhi. Kila barua inayochapwa siku hiyo ina neno moja ndani yake: mwaminifu. Mwenye barua analitamka kwa Kiswahili, mchapaji analitafutia Kiingereza, na mabishano yanaanza. Mmoja anataka "faithful" kwa sababu ndivyo alivyolikuta kwenye kamusi. Mwingine anataka "honest". Yupo aliyesikia "integrity" kwenye semina na hataki lingine. Aliyesoma ng'ambo ya mpaka, kwa Kifaransa, anashikilia "candid". Wote wanataka kusema jambo moja tu: nikabidhini funguo za stoo, hakitapotea kitu.

Nachapa barua hizi kila siku, kwa hiyo nimeona ni vyema kuyapanga maneno haya sehemu moja ili mtu achague akijua anachokichagua. Mkoa wetu una kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu tangu 1996, na mashirika yanayofanya kazi huko yanaendesha ofisi zao kwa Kiingereza. Matokeo yake, hata mlinzi na dereva ambaye kazini ataongea Kiswahili na Kiha tangu asubuhi hadi jioni anatakiwa kuomba kazi kwa barua ya Kiingereza. Neno moja likikaa vibaya halimnyimi mtu kazi peke yake, lakini linamfanya msomaji asite, na barua ziko mia kwenye meza yake.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

Kila neno hapa chini nimelipitisha kwenye maswali yaleyale manne. La kwanza: linasifu nini? Yapo yanayosifu ulimi, yapo ya moyo, yapo ya mkono unaoshika mali ya watu, na yapo yanayosifu maisha ya mtu kwa ujumla. La pili: nani analisema, mwenyewe au mtu mwingine? La tatu: lina uzito gani, ni la kawaida au la kiofisi, linabembeleza au linachoma? La nne: watu hulikosea wapi?

Swali la pili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Kwetu mtu kujisema "mimi ni mwaminifu" ni jambo la kawaida, halimshtui yeyote. Kwenye Kiingereza cha ofisini sifa za namna hii huwa na nguvu zikitoka kinywani mwa mwingine. Ukijipa mwenyewe bila mfano wowote, msomaji hana la kushika.

Kwanza "faithful", ili tuliweke kando

Kamusi haidanganyi ikisema "faithful" ni mwaminifu. Ila huyo ni mwaminifu wa aina moja tu: anayeshikamana na mtu au jambo asiliache. Mume kwa mkewe, muumini kwa dini yake, mwanachama kwa chama chake, hata mbwa kwa bwana wake. Tafsiri isiyopotosha maandishi ya asili nayo huitwa hivyo. Sasa kijana wa Bangwe anaomba ulinzi wa ghala, anaandika "I am a faithful man". Mzungu anayesoma anaelewa kwamba kijana huyu hatoki nje ya ndoa. Hongera kwake, lakini tangazo halikuuliza hilo.

Mahali pake kwenye barua ya kazi ni chini kabisa: "Yours faithfully". Hapo ni lazima lije na mwenzake wa juu, nalo nitalirudia nikifika kwenye "sincere", maana hao wawili hugombania kiti kimoja.

Honest

Hili ndilo neno la kila siku, na ndilo lenye kubeba mizigo mingi. Mtu "honest" hasemi uongo, haibi, hachezi na mizani, na akiulizwa habari mbaya hafichi. Linagusa ulimi na mkono kwa pamoja. Ndiyo maana mtu akiniambia nichague moja tu bila kunieleza barua inakwenda wapi, mkono wangu huenda hapa kwanza.

Limeingia Kiingereza kupitia Kifaransa, na kabla ya hapo Kilatini, ambako lilihusu heshima ya mtu. Kifaransa kiliacha alama yake: herufi h ya mwanzo haitamkwi. Kwa hiyo ni "an honest person", kamwe si "a honest person". Kosa hili naliona karibu kila siku, hata kwenye barua za watu wenye shahada, na usahihishaji wa kompyuta wakati mwingine hulipitisha. Jirani zetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa hawasumbuki na neno hili, kwa kuwa "honnête" yao ni ndugu yake na nayo h haisikiki.

Nani aliseme? Mwingine. Na ukitaka kujisemea mwenyewe, lifuatane na jambo linaloweza kuhakikishwa. Mfano ni dada mmoja wa Katonga aliyeomba kazi ya kukusanya fedha kwenye duka la jumla. Barua aliyokuja nayo, iliyonakiliwa kwenye barua ya rafiki yake, ilisema: "I am very honest and hard working person." Nikamuuliza, "Dada, kabla ya hapa ulikuwa unafanya nini?" Akasema alikuwa anauza mawese ya tajiri mmoja sokoni. "Na hesabu mlikuwa mnafanyaje?" Akacheka, akaona swali la kitoto. "Si tulikuwa tunahesabu kila jioni! Risiti huku, pesa huku. Na dumu lazima mteja alione linavyojazwa, hapo sokoni ukimjazia mtu povu atakutangaza mpaka Ujiji."

Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yake. Tukaandika: "I sold palm oil for a trader in Kigoma. I filled every can in front of the customer, and each evening we counted the cash against the receipt book." Neno "honest" halimo kabisa, na msomaji anaona uaminifu wenyewe ukifanya kazi. Neno tukaliachia kwenye barua ya udhamini ya tajiri yake: "She is honest with money." Hapo limekaa kwenye kinywa kinachostahili kulisema.

Tazama pia kihusishi kinachofuata. Mtu huwa "honest with" fedha au watu, na "honest about" jambo fulani. "He is honest about his mistakes" maana yake hafichi makosa yake, nayo ni sifa kubwa kwa fundi au mhasibu.

Kuna msemo mmoja wa neno hili unaookoa watu: "an honest mistake". Ni kosa lililotokea bila hila. Karani wa mizigo bandarini akiandika magunia 45 badala ya 54 na ofisi ikamtaka aandike barua ya kujieleza, msemo huu unamfaa, ilimradi kweli hakukuwa na faida aliyoipata kwenye hizo tofauti, na ilimradi sentensi inayofuata inaeleza alivyorekebisha. Ukiuweka peke yake unaonekana ni kisingizio.

Na uepuke "to be honest" kwenye usaili. Sisi tunasema "kusema kweli" kama kijazio tu, halina uzito. Kiingereza nacho kinalitumia hivyo mtaani, lakini mbele ya watu watatu wenye kalamu, anayeanza kila jibu na "to be honest" anaacha swali: na yale majibu mengine?

Truthful, na ndugu yake "true"

Hili ni la ulimi peke yake. Shahidi, mtoto anayeulizwa nani amevunja kioo, mtu anayejaza fomu. Halisemi lolote juu ya mkono: mwizi anayekiri kila kitu akiulizwa ni "truthful" na bado ni mwizi. Linatumika vizuri zaidi kwa majibu na maelezo kuliko kwa tabia, kwa mfano "a truthful account", na mtu anaweza kulisema juu ya maelezo yake mwenyewe bila kuonekana anajisifu. Lina l moja mwishoni. Linapata mbili likiwa "truthfully". Kwenye barua ya kazi silipendekezi sana. Kwenye maelezo ya polisi, ya shule au ya bima liko nyumbani.

Wengi huandika "I am a true person" wakimaanisha ni wakweli. "True" ni ya habari na ya nyaraka. Ndiyo ile iliyo kwenye muhuri wa wakili anapothibitisha kopi ya cheti chako: "certified true copy of the original". Cheti kinaweza kuwa "true". Wewe utakuwa "a true friend" au "a true Christian", yaani rafiki hasa au Mkristo hasa, lakini si "true" hivihivi.

Sincere

Hapa tunahama ulimi na mkono, tunaingia moyoni. "Sincere" ni yule ambaye anachokisema ndicho anachokihisi. Pole yake ni pole kweli, shukrani yake haina unafiki.

Tofauti kubwa na "honest" ni kwamba mtu anaweza kuwa "sincere" na bado akawa amekosea vibaya. Anayekuuzia dawa ya mitishamba akiamini kwa moyo wake wote kwamba inatibu kila kitu ni "sincere". Kama inatibu au haitibu ni habari nyingine. Kwa hiyo kwa kazi ya stoo neno hili halimsaidii mwombaji: mwajiri hajali unajisikiaje juu ya mchele, anajali mchele ubaki.

Lakini kwenye swali la nani aliseme, "sincere" linashinda mengine yote. Unaweza kulisema mwenyewe, juu ya hisia zako mwenyewe, na hakuna atakayekuona unajivuna. "Please accept my sincere apologies." "My sincere condolences to your family." "Sincere thanks for your support." Barua ya rambirambi kwa meneja aliyefiwa, barua ya shukrani kwa mfadhili aliyelipia ada ya mtoto, barua ya kuomba radhi kwa mteja aliyecheleweshewa mzigo: zote hizi ni zake. Ukiweka "honest condolences" utasikika kama unataka kumwambia mfiwa ukweli fulani mchungu juu ya marehemu.

Sasa ule ugomvi wa mwisho wa barua. Kwa utaratibu wa Kiingereza cha Uingereza, ambao ndio tunaofundishwa shuleni, ukianza na "Dear Sir" au "Dear Madam" bila kutaja jina, unamaliza na "Yours faithfully". Ukianza na jina, "Dear Ms" au "Dear Mr" na jina la ukoo, unamaliza na "Yours sincerely". Wamarekani hawana ugomvi huo, mara nyingi wanaandika "Sincerely" tu na mkato. Shuleni wengi tulikaririshwa "Yours faithfully" kwa kila barua ya kiofisi, kwa hiyo mtu anaandika jina la meneja juu kabisa, vizuri, kisha chini anarudi kwenye mazoea. Si kosa la kumkosesha mtu kazi, ila kulirekebisha ni bure. Na uangalie e ya katikati: ni "sincerely", si "sincerly".

Utasikia kwenye mahubiri na semina za kuhamasisha kwamba neno hili lilitokana na Kilatini cha "bila nta", eti wachonga sanamu waaminifu hawakuziba nyufa kwa nta. Ni hadithi tamu, na wataalamu wa asili ya maneno hawaikubali. Kilatini chenyewe, "sincerus", kilimaanisha safi, kisichochanganywa.

Frank na candid

Haya mawili yanasifu namna ya kusema. Mtu "frank" hamung'unyi maneno. Anakwambia biashara yako inakufa, au mtoto wako hasomi, na anakwambia ukiwa umekaa mbele yake. "Candid" ni hivyohivyo lakini na wepesi kidogo, kama mtu aliyejifungua mwenyewe bila kushurutishwa. Msimulizi wa maisha yake huwa "candid".

Uzito wake ni mkali. "Frank" linaahidi kwamba kitu kisichopendeza kinakuja. Ukisikiliza taarifa za mikutano ya wakubwa wa nchi ukakuta walikuwa na "a frank exchange of views", elewa kwamba hawakuelewana na sauti zilipanda. Kwa hiyo mtu anayeandika kwenye CV yake kwamba ni "frank" anaweza kusomwa kama mtu mgumu kukaa naye ofisini. Kwenye tathmini, kinyume chake, ni dhahabu. Mratibu wa mradi anayemwandikia mwenzake "let me be frank about the budget" anaheshimika, maana ameonya kabla ya kuchoma.

Mwenyewe unaweza kulisema, ila juu ya maneno yako ya sasa, siyo tabia yako. Na "frankly speaking", ambayo kwa Kiingereza chetu imekuwa chumvi ya kila sentensi, iwe moja kwa barua nzima, au isiwepo.

Kwa waliosoma Kifaransa, "frank" na "franc" ni ukoo mmoja: Wafranki wa zamani ndio walioacha jina lao kwenye neno la mtu huru, asiyefungwa ulimi, na pia kwenye ile faranga ambayo hadi leo inashikwa ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya mpaka wa Manyovu. Hapo hakuna mtego. Mtego uko kwenye "candid". Kifaransa "candide" ni mtu asiyejua ya dunia, mwepesi kudanganywa. Kiingereza "candid" ni msema wazi. Asili yao ni moja, Kilatini cha rangi nyeupe, lakini walishaachana zamani. Anayelichukua akidhani linamaanisha mtu mwenye moyo mweupe, asiye na hila, atakuwa amejisifu kwa kitu ambacho hakukikusudia.

Trustworthy na reliable

"Trustworthy" ni hukumu inayotolewa na wengine baada ya muda: mtu huyu anastahili kuaminiwa. Linasifu mkono, na siri pia. Kwa hiyo ni neno la mdhamini, na mdhamini akiliandika lina uzito kuliko "honest", maana linadokeza kwamba aliwahi kumkabidhi kitu na kikarudi salama. Mwombaji akiliandika juu yake mwenyewe anakuwa amejipa hukumu kabla ya kesi. Ni neno moja, halikatwi katikati.

"Reliable" ni jepesi zaidi na mara nyingi ndilo linalotakiwa. Haligusi wizi wala uongo, linahusu kutegemewa. Boti inayoondoka Kibirizi saa iliyosemwa ni "reliable". Bodaboda anayefika saa kumi na mbili asubuhi kama alivyoahidi, mvua ikinyesha au isiponyesha, ni "reliable" hata kama kwenye bei ni mjanja kidogo. Mashine na takwimu nazo zinaweza kuwa hivyo. Kwa dereva, mhudumu wa ofisi na mlinzi wa zamu ya usiku, naliona hili linafaa kuliko hata "honest", kwa sababu bosi wao anaumizwa zaidi na mtu asiyetokea kuliko na mtu mwongo. Na hili unaweza kujisemea bila aibu, hasa ukiweka jambo lililo wazi karibu yake: "I worked the night shift and handed over on time."

Integrity

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalotumiwa ovyo kuliko yote.

Linatokana na neno la Kilatini la kitu kizima, kisichopungua. Waliosoma hesabu kwa Kiingereza wanamjua ndugu yake "integer", namba kamili. Linasifu maisha yote: mtu ambaye mbele ya watu na gizani ni yuleyule. Tunalo neno lake zuri, uadilifu. Mtu anaweza kuwa "honest" kwa sababu kaunta imewekwa kamera. "Integrity" ni pale ambapo kamera haipo, saini ya uongo ingeleta posho, na mtu bado hasaini.

Mashirika hayakulibuni juzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, ibara ya 101, unataka watumishi wake wachaguliwe kwa viwango vya juu vya ufanisi, uwezo na "integrity". Ndiyo maana linajitokeza kwenye matangazo ya kazi za kambini, na ndiyo maana kwenye usaili utaulizwa swali lake hata kama neno lenyewe halitatajwa: simulia siku uliyoshinikizwa kufanya jambo lisilo sawa, ulifanya nini? Anayekuja na neno bila kisa hukwama hapo. Anayekuja na kisa, mathalani namna alivyokataa kuongeza majina hewa kwenye orodha ya mgao, halazimiki hata kulitaja neno.

Kisarufi linasumbua. Ni nomino, kwa hiyo huwezi kuwa "I am integrity" wala "I am integrity person", na halipokei "an". Ni "a person of integrity", au "I worked with integrity". Ukiliona kwenye tangazo, lirudishe kwenye barua yako mara moja, karibu na kisa chako. Lakini kulitumia kwa kibarua cha kupakua dagaa ni kumvalisha mtoto koti la babu yake.

Transparent

Hili ni fupi: siyo la watu, ni la mifumo. Hesabu, zabuni, uchaguzi wa viongozi wa kikundi. Uwazi. Kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa wakiomba ruzuku waandike kwamba kumbukumbu zao za fedha ni "transparent" na waeleze nani anaziona na lini. Ukilipeleka kwa mtu linaweza kugeuka: "a transparent excuse" ni kisingizio ambacho kila mmoja anaona ndani yake.

Uchague lipi, basi?

Ukiomba kazi inayoshika fedha au mali, sifa yenyewe iandike kwa vitendo, na mwombe mdhamini wako atumie "honest" au "trustworthy". Kama mdhamini hajui Kiingereza, na wengi wa matajiri wetu wa sokoni hawakijui na hawajapungukiwa na kitu, mwandikie rasimu, umsomee kwa Kiswahili hadi akubali kila sentensi, ndipo asaini. Usimwekee "integrity" mdomoni kama yeye alichokuambia ni kwamba hukuwahi kupoteza hata shilingi.

Ukiomba kazi ya mwendo na saa, udereva, ulinzi, usafi, uhudumu, chukua "reliable". Kazi ya ofisi ya shirika, hasa zile za mgao, manunuzi au usajili wa watu, tangazo lenyewe litakuambia. Likitaja "integrity", nawe itaje, na uwe na kisa tayari cha kusimulia kwenye usaili. Lisipoitaja, "honest" inatosha na inasomeka vizuri zaidi.

Ukiandika barua ya kujieleza, amua kwanza ni kosa la aina gani. Lililotokea bila hila ni "an honest mistake". Lililokuwa na hila halina neno la kulipamba hapa, na kulipamba kunaongeza kosa la pili. Radhi yenyewe, kwa vyovyote, ni "sincere".

Mzee mmoja alinijia anataka kumjibu mfadhili wa mjukuu wake, mtu wa Uingereza aliyeuliza kwa nini matokeo ya mtoto yameshuka. Akaniambia, "Mwanangu, mwandikie ukweli, ila asije akaona tunamkaripia." Kwa hali kama hiyo "frank" lina makali mno kwa mtu anayekulipia ada. Tukaandika "I want to be honest with you about his results", na mwisho "with our sincere thanks". Mzee mwenye uhusiano wa miaka mingi na mfadhili, wanaotaniana kwa barua, angeweza kwenda na "frank" bila shida yoyote. Inategemea mnavyojuana.

Maelezo ya bima, ya polisi au ya shule: "truthful". Kopi za vyeti: "true", na hiyo ni kazi ya muhuri, si yako. Hesabu za kikundi: "transparent". Maelezo ya wazi kwa mwenzako wa kazi kabla ya kikao: "frank", mara moja tu.

Na kama umesoma Kifaransa na barua yako iko karibu kwenda Kasulu, futa "candid", weka "honest" au kisa chako, kisha uuangalie ule mwisho mrefu wa barua za Kifaransa, wenye kumsihi bwana apokee maelezo ya hisia zako bora kabisa. Kiingereza hakina haja nao. Ukate wote, weka "Yours faithfully" kama hukutaja jina, saini yako, namba ya simu inayopatikana.